Je, Umeokoka? Maana ya Maneno Tunayoyasema Kila Jumapili



Si siku nyingi zilizopita alitujia nyumbani mama mmoja mzee wa mtaa wetu. Mama huyu alibatizwa akiwa mtoto mchanga, akapata Kipaimara akiwa msichana, akafunga ndoa mbele ya altare, na watoto wake wote amewaleta kubatizwa. Binti yake anayekaa mjini alikuja likizo, na jioni moja walipokuwa wakichagua mchele akamwuliza, "Mama, umeokoka?" Mama akajibu, "Mimi ni Mkristo, mwanangu." Binti akasema, "Sikukuuliza hivyo, mama. Nimekuuliza, umeokoka? Na kama umeokoka, ni lini?"

Usiku ule mama hakulala. Asubuhi akashika fimbo yake, akaja mpaka kwetu, akauliza kabla hata ya kukaa, "Mwalimu, ina maana miaka yote hii nilikuwa nje?"

Tulimpa kiti na chai, tukazungumza naye kadiri ya uwezo wetu. Lakini alipoondoka tuliona kwamba swali hili si lake peke yake. Wako kati yetu wanaolitumia neno "mlokole" kwa kumdhihaki mtu. Wako na wengine wanaolitumia neno "umeokoka" kama mkuki wa kumchoma mwenzao. Wote wamelishika neno bila kulipima. Sisi tuliofundisha watoto, na baadaye tukafundisha walimu katika chuo cha ualimu, tunajua sana kwamba mtu aweza kukariri neno miaka hamsini na asijue maana yake. Basi, tuyatazame maneno haya moja moja.

1. Maandiko Matakatifu

Tuanze hapa, kwa sababu bila Maandiko hatuna pa kuupimia wokovu. Neno "Biblia" limetoka katika lugha ya Kiyunani, na maana yake ni vitabu. Ni vitabu 66: 39 vya Agano la Kale na 27 vya Agano Jipya. Agano la Kale liliandikwa kwa Kiebrania, na sehemu chache kwa Kiaramu. Agano Jipya liliandikwa kwa Kiyunani. Waandishi walikuwa wengi: wafalme, wachungaji wa kondoo, wavuvi, tena tabibu mmoja. Lakini habari ni moja: Mungu anamtafuta mwanadamu aliyepotea.

Kanisa letu la Anglikana linasema nini juu ya Maandiko? Katika zile Kanuni 39 za Imani, kanuni ya sita inafundisha kwamba Maandiko Matakatifu yana mambo yote yaliyo ya lazima kwa wokovu. Lisilosomwa humo, wala haliwezi kuthibitishwa kwayo, mtu asilazimishwe kuliamini kana kwamba bila hilo hawezi kuokolewa. Tuangalie vizuri. Kanuni hii haisemi kwamba Biblia inatufundisha kutengeneza saa au kutibu malaria. Inasema kwamba njia ya kwenda kwa Mungu imeonyeshwa humo yote. Kwa hiyo mtu akikuwekea sharti la wokovu, awe padre, mwinjilisti, au mwalimu mzee kama sisi, unayo haki ya kumwuliza kwa upole, "Limeandikwa wapi?"

2. Dhambi na Neema

Watu wengi hudhani dhambi ni orodha ya makosa: ulevi, uzinzi, wizi, uchawi. Hayo ni matunda. Mti wenyewe ni kumpa Mungu kisogo. Ndiyo maana mtu asiyekunywa pombe wala kuiba aweza kuwa mbali na Mungu, kama yule ndugu mkubwa katika mfano wa mwana mpotevu. Yeye hakutoka nyumbani kwa baba yake hata siku moja, lakini hakuwa na furaha ya baba yake.

Neema ni wema wa Mungu kwa mtu asiyestahili. Mshahara si neema, kwa maana umeufanyia kazi. Mkopo si neema, kwa maana utaulipa. Neema ni zawadi. Mtume Paulo anawafundisha Waefeso, katika sura ya pili, kwamba wokovu hautokani na matendo yetu, asije mtu akajivuna. Nasi tunaongeza: asijivune mtu hata kwa kuokoka kwake.

3. Ukombozi

Neno hili sisi wa pwani tunalijua kwa njia mbili, na zote mbili zinatusaidia.

Njia ya kwanza ni ya huzuni. Kule Unguja watu waliuzwa sokoni kama mbuzi mpaka mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa. Sikukuu ya Noeli ya mwaka huohuo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa kuu la Mkunazini, mahali palepale palipokuwa na soko. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi wake, ndiye pia aliyefanya kazi kubwa ya kulitafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili cha Unguja. Waliomsikia akihubiri Kristo Mkombozi walikuwamo watu waliowahi kufungwa minyororo. Hawakuhitaji mwalimu wa kuwaeleza maana ya kukombolewa.

Njia ya pili ni ya kila siku. Mtu mwenye shida huweka shamba lake la minazi rehani. Shamba ni lake, lakini halimo mkononi mwake. Nazi zinaangushwa na mwingine. Hana fedha za kulikomboa. Ndipo anakuja ndugu yake, analipa deni lote, na shamba linarudi. Huo ndio ukombozi: deni limelipwa, na aliyelipa si mwenye deni. Petro katika waraka wake wa kwanza anatukumbusha kwamba sisi hatukukombolewa kwa fedha wala dhahabu, bali kwa damu ya Kristo.

4. Toba, Imani, na Kuhesabiwa Haki

Toba si kulia, ingawa mtu aweza kulia. Toba ni kugeuka. Mtu aliyepanda basi la Korogwe huku anataka kwenda Dar es Salaam hasaidiwi na machozi yake. Lazima ashuke, apande linalokwenda kwake.

Imani si kukubali tu kwamba Mungu yuko. Yakobo anasema mashetani nao wanaamini hilo, tena wanatetemeka. Imani ni kumtegemea Kristo kwa uzito wako wote. Ni mkono mtupu unaopokea zawadi. Mkono haukuinunua zawadi, lakini usiponyooshwa, zawadi itabaki pale pale.

Kuhesabiwa haki ni neno la barazani kwa hakimu. Mfano wake bora ameutoa Bwana mwenyewe katika Luka 18. Watu wawili walipanda hekaluni kusali. Farisayo aliorodhesha wema wake. Mtoza ushuru alisimama mbali, akajipiga kifua, akaomba rehema. Bwana akasema huyu wa pili ndiye aliyerudi nyumbani akiwa amehesabiwa haki. Hakurudi kwa sababu alikuwa mtu mwema kuliko yule. Alirudi hivyo kwa sababu aliomba, na Mungu akampa.

5. Wokovu

Sasa tumefika kwenye swali la binti. Na hapa sarufi yetu ya Kiswahili inatusaidia kuliko wengi wanavyofikiri.

Tukisema "kikombe kimevunjika," tunaeleza hali ya kikombe tu. Tukisema "kikombe kimevunjwa," mara moja mtu huuliza, "Na nani?" Ndivyo ilivyo na maneno haya mawili, "nimeokoka" na "nimeokolewa." La kwanza si baya hata kidogo, nalo limo katika Biblia yetu. Lakini msemaji asisahau kwamba ndani yake limo la pili. Hakuna aliyeokoka isipokuwa ameokolewa, na aliyemwokoa ni Yesu, ambaye jina lake maana yake ni kwamba Bwana anaokoa. Mtu akisema "nimeokoka" nasi tukasikia habari zake mwenyewe tu, hapo pana kasoro. Mtu akisema "nimeokoka" nasi tukasikia habari za Yesu, tumshukuru Mungu pamoja naye.

Tena tazameni nyakati za kitenzi hiki katika nyaraka za Paulo. Kwa Waefeso sura ya 2 anasema tumeokolewa. Kwa Wakorintho, waraka wa kwanza sura ya 1, anasema sisi ni watu tunaookolewa. Kwa Warumi sura ya 5 anasema tutaokolewa. Je, Paulo anajipinga? La hasha! Turudi kwenye lile shamba la minazi. Siku deni lilipolipwa, shamba lilikombolewa. Hakuna wa kulidai tena. Lakini mwenyewe anapoingia anakuta vichaka na magugu, naye anapalilia kila siku. Halafu atangoja mavuno. Shamba limekombolewa, linapaliliwa, litavunwa. Asiyesema la kwanza ataishi kwa hofu, kama mtu anayelipa deni lililokwisha kulipwa. Asiyesema la pili atakaa barazani huku magugu yanafunika minazi yake. Asiyesema la tatu atakata tamaa siku ya msiba.

Huko kupalilia ndiko kunakoitwa utakaso, nayo ni kazi ya Roho Mtakatifu ndani yetu. Paulo anawaagiza Wafilipi kuutimiza wokovu wao kwa hofu na kutetemeka, lakini papo hapo anawaambia kwamba ni Mungu atendaye kazi ndani yao. Jembe ni letu, mvua ni yake.

6. Ni lazima kuijua siku?

Sauli aliijua siku yake. Alikuwa njiani kwenda Dameski, nuru ikamwangaza, akaanguka chini. Mlinzi wa gereza kule Filipi naye aliujua usiku wake, kwa maana tetemeko la nchi lilimwamsha. Watu kama hao wako hata leo, nasi tusiwadhihaki.

Lakini tumsome Timotheo. Maandiko hayatuambii siku aliyookoka. Tunaambiwa kwamba imani ilikaa kwanza katika bibi yake Loisi, kisha katika mama yake Eunike, kisha ndani yake. Tunaambiwa kwamba tangu utoto aliyajua Maandiko, ambayo yanaweza kumwongoza mtu mpaka wokovu kwa imani iliyo katika Kristo Yesu. Na anayemwandikia hayo ni nani? Ni Paulo yuleyule wa njia ya Dameski! Hakumwambia, "Mwanangu, wewe bado, kwa sababu hukuanguka chini kama mimi." Alimwita mwana wake wa kweli katika imani. Mmoja alifika kwa ngurumo, na mwingine alilelewa, lakini Mwokozi wao ni mmoja.

Basi swali la lazima si "Lini?" bali ni "Je, unamtegemea nani sasa?"

Wala tusije tukajificha nyuma ya Timotheo. Yako makosa ya upande wetu pia, sisi Wakristo wa zamani. Tunacho cheti cha Ubatizo ndani ya sanduku, na viti vyetu kanisani vinajulikana. Ubatizo ni ishara ya neema ya Mungu na muhuri wa ahadi zake, nasi hatuudharau. Lakini katika Kipaimara tulisimama wenyewe tukazithibitisha zile ahadi kwa vinywa vyetu. Je, tunazishika? Aliyebatizwa asiyetubu ni kama mtu aliyepewa ufunguo wa nyumba akalala nje.

Yule mama mwenyewe alitufundisha jambo hili. Kabla hajaondoka kwetu alinyamaza kidogo, akasema, "Mwalimu, swali la mwanangu liliniuma kwa sababu lipo jambo." Alikuwa hajasema na jirani yake kwa miaka saba kwa ajili ya mpaka wa shamba. Kila Jumapili walipokea Ushirika Mtakatifu altare moja, lakini hawakuamkiana. Tulimwambia kwamba huenda Mungu alimtuma binti na swali lake, hata kama swali halikuulizwa kwa adabu. Siku ya pili tulisikia amekwenda kwa jirani, wamelia pamoja, na mpaka wamewaachia vijana wauweke upya.

Binti naye alitupitia kuaga siku ya kurudi mjini. Tulimwambia, "Mwanetu, bidii yako ni njema. Lakini ukija tena, mwulize mama yako hivi: 'Mama, Bwana amekutendea nini?' Kisha ukae usikilize." Akatabasamu, akasema kwamba amekwisha kumwuliza, na kwamba walikaa mpaka usiku wa manane. Alisikia jinsi mama yake alivyoachwa mjane na watoto wanne, akamlilia Mungu, wala Mungu hakumwacha. Akasema, "Sikujua, Mwalimu. Mimi ndiye mtoto wake na sikujua."

Wapendwa, tusiulizane maswali ya kufungiana mlango. Tuulizane ya kufunguliana.

Maswali ya kutafakari nyumbani

1. Soma Luka 18:9–14. Mimi nasali kama nani kati ya wale wawili?
2. Soma 2 Timotheo 1:5 na 3:14–15. Watoto wa nyumba hii wanaona imani gani kwetu?
3. Je, yuko mtu tunayepokea naye Ushirika Mtakatifu lakini hatuamkiani? Tutamwendea lini?

Ee Bwana Yesu, uliyetukomboa tukiwa hatuna cha kulipa, palilia mioyo yetu kila siku, utufikishe katika mavuno yako. Amina.