Je, tuwafiche watoto wetu habari za utumwa?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Mtoto anarudi kutoka masomo, huko Katuba ama Ruashi, anamuuliza baba yake: «Papa, mwenzangu anasema Waislamu ndio waliuza babu zetu. Ni kweli?» Wewe ungemjibu nini?

Wengi wetu tunasema: «Ni uongo wa Wazungu.» Wengine: «Nyamaza, hayo ni ya zamani.» Majibu yote mawili hayamfai mtoto.

Tuseme kweli. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe kando ya mto Lualaba, watu wa wafanyabiashara waliotoka pwani walipiga bunduki katikati ya umati, na wengi sokoni walikuwa wanawake. Mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama mtoni. Hamed bin Muhammad, aliyeitwa Tippu Tip, Muislamu wa Unguja, alipata utajiri Maniema kwa pembe za ndovu na kwa watumwa. Maisha yake aliyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili.

Na hukumu tunaijua. Mtume wetu (s.a.w.) ametuonya kwamba Siku ya Kiyama Mwenyezi Mungu mwenyewe atasimama kumshitaki aliyemuuza mtu huru na kula thamani yake. Wale waliokamatwa vijijini walikuwa watu huru. Basi tusiwatetee waliotenda kwa kuwa tu walisali kama sisi.

Lakini ukweli hauishii hapo. Msiri wa Bunkeya, hapa Katanga, hakuwa Muislamu, naye aliuza watu upande wa mashariki na upande wa Angola. Mwaka 1887 mfalme Léopold II alimfanya Tippu Tip kuwa liwali wake wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Kisha, kati ya 1892 na 1894, askari wake waliwapiga Waarabu kwa jina la kuondoa utumwa. Watu wakapelekwa kwa nguvu kutafuta mpira porini, wake zao wakashikwa rehani, mikono ikakatwa. Mtoto anayefundishwa Nyangwe bila mpira amefundishwa nusu. Na anayefundishwa mpira bila Nyangwe, vilevile nusu.

Utauliza: je, hatukuamriwa kusitiri aibu ya ndugu? Ndiyo, aibu yake ya siri. Lakini dhuluma iliyotendwa sokoni mchana si siri, na wajukuu wa waliodhulumiwa wako kati yetu. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 135, tumeamriwa kusimamisha haki na kutoa ushahidi hata kama ni juu ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Tukificha ya kwetu, kwa kinywa gani tutadai Wabeljiji wakiri ya kwao?

Katika mji wetu kuna masomo ya Wakatoliki, ya Waprotestanti, ya Wakimbangu na ya Waislamu. Kila mwalimu akifundisha peke yake, ni rahisi kusimulia dhambi ya jirani. Kwa hiyo walimu wetu wa historia wawaendee wenzao, wakae meza moja, watayarishe somo moja lenye tarehe zilezile. Habari ya Nyangwe isemwe na mwalimu Muislamu mwenyewe. Ya mpira isemwe na yule ambaye kanisa lake lilikuja pamoja na dola ile. Kosa la nyumba likisemwa na mwenye nyumba, jirani hapati la kuongeza.

Wazazi nasi tuna kazi. Neno «mtumwa» bado linatupwa kama tusi, hata pale posa inapoletwa: «Wale si watu wa ukoo.» Msikitini tunasimama safu moja, nyumbani tunapima damu. Mtoto atafuata lipi?

Usiogope kwamba ukweli utamvunja mwanao. Mwambie: hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Dhambi ya babu haiandikwi kwa mjukuu. Lakini kuificha, hiyo itaandikwa kwetu.

Wabillahi tawfiq.