Tatu Iliyogeuka

Chukua kikombe. Mkono wake uuelekeze kulia, halafu kushoto: bado ni kikombe. Mbuzi aliyesimama kando ya Barabara ya Morogoro pale Maili Moja, awe anatazama Dar au anatazama Mlandizi, ni mbuzi yule yule. Mtoto wa miaka mitano anaijua kanuni hii barabara, wala hakufundishwa na mtu.

Halafu anaanza shule. Huko anaambiwa kuna vitu vichache duniani ambavyo vikigeuka vinakuwa kitu kingine. Herufi b ikigeuka inakuwa d. Andika baba, geuza kila herufi, umepata dada. Jamani, lini tulimwambia mtoto kwamba baba akitazama upande wa pili anakuwa dada?

Wanaochunguza ubongo wanalo jibu. Mfaransa Stanislas Dehaene anaeleza kwamba binadamu hakuzaliwa na sehemu ya ubongo ya kusomea. Maandishi ni ya juzi tu. Tunapojifunza kusoma, tunaazima sehemu iliyokuwa ikitambua sura na vitu, na sehemu hiyo imezoea kuona kulia na kushoto kuwa sawa. Mtoto inabidi asahau kitu anachokijua, na hilo ni gumu kuliko kujifunza kipya. Mfaransa mwingine, Jean-Paul Fischer, aliona kwamba watoto hawageuzi ovyo: wanageuza zaidi zile zinazotazama kushoto, kama 3, J na Z. Herufi nyingi, kama B, E na K, zinatazama kulia, basi mtoto anaokota kanuni na kuitumia hata pasipostahili. Huyo anafikiri, hajazubaa.

Huku Pwani kuna jambo la ziada. Watoto wengi asubuhi wako shule, jioni wako madrasa. Shuleni mkono unatoka kushoto kwenda kulia, madrasa unatoka kulia kwenda kushoto, kama ulivyotoka mkono wa washairi wetu wa zamani walioandika tenzi kwa herufi za Kiarabu. Sasa itazame nne ya Kiarabu, ile inayohesabu aya kwenye msahafu: ٤. Ni tatu iliyogeuka, au karibu sana. Mchoro ule ule uliopigwa mkasi mwekundu saa nne asubuhi, saa kumi jioni ustadhi anaupokea, maana ndiyo nne yenyewe.

Ndiyo maana neno linalonisumbua ni "kosa". Kiswahili kimetupa maneno mawili, kukosea na kukosa. Aliyekosea njia anaelekezwa. Aliyekosa anaomba radhi. Lakini yote mawili tukiyafanya nomino tunapata kosa, na kwenye daftari la darasa la kwanza sijui mtoto ameandikiwa lipi. Mwenzake akicheka na fimbo ikiwa mezani, atajua mwenyewe ni lipi. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinazungumzia utovu mkubwa wa nidhamu, viboko visizidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule. Mwandiko haumo. Lakini fimbo haisomi kanuni, na wengi wetu hapa tunajua tuliandikaje tukiwa tunatetemeka.

Mtu ataniuliza: kwa hiyo tumwache? Hapana. Huwezi kwenda dukani na tatu yako binafsi. Kuandika ni makubaliano, na asiyeyajua makubaliano ataibiwa chenji. Ila ni makubaliano tu. Hakuna haki ya asili inayoitaka 3 itazame kushoto, na anayeivunja bila kujua hajamdhulumu mtu. Anadaiwa maelekezo na muda, basi, kwani wengi huacha wenyewe wakifika miaka saba au minane.

Maelekezo yenyewe hayana gharama. Mchoree tatu kubwa mchangani, weka nukta pa kuanzia, aipite kwa kidole mara nyingi, mkono mzima ukienda. Mwonyeshe upande kwa mkono anaolia ubwabwa, maana kulia ya karatasini bado haijui, ya sahani anaijua. Akigeuza tena, aipite tena. Na jioni akiandika nne yake ya madrasa, mwache aiandike.