Kabla Hujailaumu Betri



Swali ninalotaka tulitafakari mwezi huu ni hili: mtu akimtuhumu mwenzake kwa jambo ambalo yeye mwenyewe analiamini kwa moyo wote, kisha ikaonekana kuwa alikosea, je, anayo hatia? Au amepotea tu, kama mtu apoteavyo njia? Zamani ningelijibu upesi kwamba hana hatia, maana hakusema uongo. Siku hizi najibu polepole zaidi, na sababu yake ni pikipiki.

Ninayo Honda ya zamani, ya volti 6, niliyoinunua mkono wa pili mwaka 1986 nilipokuwa mwalimu kijana. Imenichukua kutoka Mkata hadi Handeni mara nyingi wakati barabara ile ilikuwa ya vumbi, nayo bado yaenda. Mwaka jana betri yake ilikufa kwa uzee. Nikaona ndio wakati wa kuifungua na kuipaka fremu rangi mpya, kazi niliyoifanya mwenyewe nyuma ya nyumba. Betri za volti 6 siku hizi ni adimu, kwa kuwa bodaboda tuzionazo hapa njia panda karibu zote ni za volti 12. Basi nikamwagiza fundi mmoja, kijana wa hapa hapa Mkata, anitafutie, aitie maji na kuichaji. Akaileta, tukaifunga. Siku ya kwanza honi ililia vizuri. Siku ya tano ililia kama mbuzi mwenye mafua. Siku ya nane ikanyamaza.

Nikaenda kijiweni kwake saa nne asubuhi, watu wamejaa, nikasema kwa sauti ile ya darasani: “Kijana, betri yangu nzuri umemfungia mtu mwingine, mimi umenipa mbovu.” Akasema, “Shikamoo, mwalimu. Hapana, mwalimu, niliyokuletea ni ile ile niliyoinunua.” Shikamoo yake sikuiitikia. Nikaondoka.

Kwa wasiojua, inanipasa kueleza kidogo jinsi chombo hiki kinavyojichaji, maana kosa langu limo humo. Mwaka 1831 Mwingereza Michael Faraday, ambaye ujanani alikuwa mwanafunzi wa kujalidi vitabu, alionyesha kwamba sumaku ikitembezwa ndani ya waya uliosokotwa, umeme huzaliwa; sumaku ikitulia, umeme nao hukoma. Pikipiki hufanya hivyo hivyo. Injini huzungusha sumaku, na kando yake zimo koili za waya. Umeme utokao hapo huenda mbele na kurudi nyuma, ilhali betri hutaka uendao upande mmoja tu, kwa hiyo hupitishwa kwanza katika kifaa kidogo kiitwacho rektifaya, kinachofanya kazi ya mlango usiofunguka ila upande mmoja. Kisha huingia katika betri. Lakini haukomei hapo, lazima urudi kwenye koili ulikotoka, na njia yake ya kurudi ni mwili wa pikipiki wenyewe. Kutoka upande hasi wa betri upo waya mmoja uliofungwa kwa bolti kwenye fremu. Mafundi huuita ethi. Umeme usio na njia ya kurudi hauendi popote, hata vifaa vyote viwe vizima.

Baada ya wiki tatu za kununa, nikakumbuka kwamba katika kabati langu imo mita ya kupimia umeme, niliyokuwa nikiitumia kufundishia sayansi. Nikaichaji betri upya kwa jirani, nikaipima: volti 6.4. Betri ya namna hii ina vyumba vitatu, kila kimoja volti 2 na ushee, kwa hiyo 6.4 ni betri nzima. Nikawasha injini na kuipandisha mwendo. Hapo mita ilipasa ipande hadi kwenye 7 hivi, ndiyo dalili kwamba chaji inaingia. Haikupanda. Nikazima, nikapima koili, nzima. Rektifaya inapitisha upande mmoja, upande wa pili inakataa, kama ipasavyo. Basi nikafungua ufunguo bila kuwasha injini, nikagusisha ncha moja ya mita kwenye upande hasi wa betri na ya pili kwenye mwili wa injini. Mahali hapo mita ilipasa kusoma sifuri, kwa kuwa ni kitu kimoja. Ikasoma volti 5 na kitu.

Nikafungua ile bolti ya ethi. Chini yake palikuwa na rangi nyeusi ya mafuta, imekauka, inang'aa. Ni rangi niliyoipaka mimi. Niliufungua waya, nikapaka fremu vizuri, nikaufunga tena juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme. Honi na indiketa zilikuwa na waya wao unaorudi kwenye betri moja kwa moja, kwa hiyo betri iliweza kutoa lakini haikuweza kupokea. Taa kubwa siiwashi, maana usiku siendeshi tena. Nikapiga msasa pale mpaka chuma kikaonekana cheupe, nikafunga, nikawasha. Volti 7.1.

Wala si kwamba dalili hazikuwapo. Tangu siku ile ya rangi, taa ndogo ya kijani ya frii ilikuwa haiwaki, nami nikasema kibalbu kimeungua. Ufunguo ulikuwa unagoma kuzima injini, nikawa naizima kwa gia, nikasema swichi imechoka. Vitu vitatu tofauti vimeharibika kwa siku moja, na mimi, mtu niliyefundisha miaka yote ile, sikujiuliza kama huenda vina mzizi mmoja. Kila kimoja nilikitafutia mkosaji wake, na mkosaji hakuwa mimi hata mara moja. Nyani haoni kundule.

Hapa ndipo ninaporudi kwenye swali. Wapo watakaosema: Mwalimu, uliamini kweli kwamba kijana alikubadilishia, basi moyo wako ulikuwa safi. Ni kweli niliamini. Lakini mita ilikuwa kabatini, hatua kumi kutoka kitandani kwangu, na kipimo kile cha mwisho hakikuchukua hata dakika tano. Kama nisingekuwa na mita wala maarifa, pengine ningesema nilipotea njia. Mtu mwenye taa mkononi asiyeiwasha, kisha akamkanyaga mwenzake gizani, sidhani kama neno “sikuona” linamtosha. Chuoni tulikofunzwa ualimu tulikuwa na kanuni moja: darasa zima likikosa swali lile lile, kabla hujawalaani watoto, lisome upya swali ulilolitunga. Niliifuata kwa mitihani, sikuifuata kwa mtu mzima anayelisha familia.

Nafikiri pia nyakati zimenisaidia kuharibika. Nilipoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikuwa haba na spea hazionekani madukani. Hukuthubutu kuitupa rektifaya bila kuipima, maana nyingine ungeitoa wapi? Leo kibanda cha spea kipo kila kona, na mtu hubadilisha kitu kimoja baada ya kingine hadi atakapobahatisha. Kwa pikipiki hasara yake ni shilingi. Tabia hiyo ikihamia kwa wanadamu, nao huwa tunawabadilisha vivyo hivyo: fundi huyu, mfanyakazi yule, mkwe yule.

Nilimwendea kijana jioni, nyumbani kwake, peke yetu, nikamwomba radhi. Akasema, “Yamekwisha, mwalimu,” akaniletea kiti. Nikalala vizuri usiku ule. Siku mbili baadaye nikamsikia dereva mmoja akimwambia mwenzake asipeleke betri pale, fundi yule hubadilisha, hata mwalimu amelia naye. Nikatambua kuwa nilimtuhumu sokoni na kumwomba radhi chumbani.

Basi nikarudi kijiweni, saa nne ile ile, nikawaeleza wote habari ya bolti na rangi. Baadhi walicheka, nami nilistahili. Mmoja akasema, “Anamtetea kwa kuwa wanasali pamoja.” Sikuwa na jibu la kumpa, na huyo hadi leo hapeleki kazi pale. Yule kijana akaniomba mita, awe anampimia kila mteja mbele ya macho yake, kabla na baada ya kufunga betri. Nimemwazima tangu mwezi wa tatu. Hajairudisha, nami sijamdai.