"Lakini" ya Masisi

Mwalimu wa Kiingereza huko Masisi, mashariki mwa Kongo, akifika kwenye viunganishi, somo huisha upesi. Wanafunzi wanasoma kwa Kifaransa, sokoni wanasema Kiswahili, nyumbani Kihunde au Kinyarwanda. Ukiingia Walikale jirani utasikia Kinyanga. Viunganishi wanavyo tayari. Wanaambiwa kuna vinavyounga sentensi mbili zenye hadhi sawa, kama "and" na "but", na kuna vinavyoifanya moja iitegemee nyingine, kama "because". Kitabu kinafungwa.

Kinafungwa mapema mno.

Tazama sentensi hizi mbili: "Anasema Kinyarwanda na ni Mkongo", "Anasema Kinyarwanda lakini ni Mkongo." Mwaka 1879 mwanafalsafa Mjerumani Gottlob Frege alionyesha kwamba kwa upande wa ukweli "na" na "lakini" havipishani: ya kwanza ikiwa kweli, ya pili haiwezi kuwa uongo. "Lakini" huongeza dokezo tu, kwamba jambo la pili halikutarajiwa. Frege aliliacha dokezo hilo nje ya mantiki yake. Masisi watu wameishi ndani yake.

Kati ya 1937 na 1955 wakoloni Wabelgiji walihamishia Gishari, kwenye milima ya Wahunde huko Masisi, maelfu ya familia kutoka Rwanda. Sheria ya uraia ya Kongo ya 1972 iliwapa uraia waliofika kabla ya 1950. Ile ya 1981 ikadai mababu wawe wamekuwepo tangu 1885. Ya 2004 ikausogeza mwaka huo hadi 1960. Mtu hajahama shamba lake, hajabadili lugha, ila kiunganishi kati ya lugha yake na uraia wake kimebadilishwa mara tatu.

Wahunde nao wana "lakini" yao, na ni ya haki: ardhi ilikuwa ya mababu zao, lakini Gishari ilipewa mwami, yaani mtawala wa jadi, aliyetoka Rwanda. Hapo matarajio yaliyovunjwa yalikuwa na msingi. Hilo ndilo swali ambalo kila "but" inastahili kuulizwa darasani: nani alitarajia nini, na kwa haki gani?

"Because" ni nzito zaidi. Machi 1993 watu waliuawa sokoni Ntoto, Walikale: kweli. Kulikuwa na ugomvi wa ardhi: kweli pia. Anayeziunga kweli hizo mbili kwa "kwa sababu" ameleta dai la tatu, na hilo lazima litafutiwe ushahidi wake lenyewe.