Alama ya Kutoa Iliyogeuza Protini

Mwanafunzi wa kemia anapofungua molekuli kwenye kompyuta kwa mara ya kwanza, hushika kipanya na kuanza kuizungusha. Kwa kawaida kinachozunguka hapo ni kamera tu. Atomu hazijasogea: kila moja ina namba zake tatu, x, y na z, na ukihifadhi faili, namba hizo zitabaki zilezile. Ipo amri nyingine inayohamisha atomu zenyewe, na hata hiyo haiharibu umbo, kwa sababu atomu zote husogea pamoja.

Hatari iko kwenye jambo linalofanana na kuzungusha ilhali silo. Geuza alama ya x ya kila atomu, chanya iwe hasi na hasi iwe chanya, na utapata molekuli kama inavyoonekana kwenye kioo. Kiatu cha kushoto ukizungushe upendavyo, hakiwi cha kulia. Tena urefu wa vifungo haubadiliki, wala ukubwa wa pembe kati yake, kwa hiyo anayekagua hayo mawili peke yake hatashtuka. Mwili ndio unaojua tofauti. Protini zetu hujengwa kwa asidi amino za mkono wa kushoto, na msokoto wa alfa ndani yake huzunguka kwa mkono wa kulia.

Mwaka 2001 Geoffrey Chang, wa Taasisi ya Utafiti ya Scripps huko California, alichapisha katika jarida la Science muundo wa MsbA, protini inayohamisha mafuta kwenye utando wa bakteria. Jamaa zake katika mwili wa binadamu husukuma dawa za saratani nje ya seli, hivyo wengi waliupokea muundo huo kwa hamu. Ulitokana na miale ya eksirei, kwa uwazi wa angstromu 4.5. Katika kiwango hicho msokoto huonekana kama fimbo nyoofu. Macho hayawezi kusema unazungukia upande gani.

Miundo mingine ikafuata kutoka maabara ileile, na ikaonekana kuunga mkono ule muundo wa kwanza. Ingeachaje, wakati data zote zilipitia programu ileile?

Septemba 2006 Roger Dawson na Kaspar Locher, wa Zurich, walichapisha muundo wa Sav1866, ndugu wa MsbA, kwa uwazi bora zaidi, wa angstromu 3.0. Miundo hiyo miwili ilipaswa kufanana, lakini haikufanana. Chang alirudi kwenye hesabu zake akakuta kwamba programu ndogo ya maabara yake, ambayo haikuwa sehemu ya vifurushi vya kawaida, ilikuwa ikibadilishana safu mbili za data. Alama ikageuka, na ramani ya elektroni ikageuka nayo kama ndani ya kioo. Desemba mwaka huo yeye na wenzake waliomba makala tano zifutwe, tatu kati yake za Science.

Hapakuwa na udanganyifu, na kukiri hadharani namna ile kunahitaji moyo. Ninachokiona kizito zaidi ni kilichowapata wengine. Walikuwepo wanabaiokemia ambao majaribio yao hayakukubaliana na muundo ule, wakahangaika kupata jarida la kuwachapishia. Walikuwa na ushahidi wa mezani, lakini picha yenye rangi, inayozunguka kwenye kioo cha kompyuta, iliaminiwa kuliko wao. Hilo linaniuma kuliko alama yenyewe, maana alama ni kosa la mashine, ila kumnyima mtu sikio ni uamuzi wetu.

Kwa hiyo, kijana unayetaka kupachika dawa kwenye protini, kabla ya yote tafuta msokoto mmoja wa alfa. Elekeza kamera kwenye mhimili wake, uutazame kutoka ncha moja, kisha fuata mnyororo jinsi unavyokwenda mbali nawe. Unapaswa kuzunguka kama mishale ya saa, hata ukiutazama kutoka ncha ya pili. Ukizunguka kinyume, usiendelee. Rudi kwenye faili la asili, pitia kila programu iliyoligusa, ukianza na ile uliyorithi kwa mwenzako bila kuisoma. Na kama uwazi ni hafifu hata upande wa msokoto hauonekani, nenda kwa mtu wa majaribio, umuulize amepata nini.