Una Miaka Mingapi?

Masomo: Mwanzo 20, Mwanzo 26:6–11, Luka 19:1–10, Waefeso 4:25

Shule zimefungwa, na najua wengi wetu tumeahidi watoto kwamba kabla ya mwaka kuisha tutawatoa, hata kama ni siku moja tu. Ni jambo jema. Mtoto anayelelewa kwa "nyamaza" na "subiri" peke yake atamwogopa mzazi bila kumjua. Kwa hivyo sitakuambia usiende. Nataka tu nikuulize swali moja kabla hujapanda matatu, na nitaliuliza kwa kukueleza yaliyonipata mimi mwenyewe.

Desemba iliyopita, mimi na mama watoto tuliwapeleka watoto wetu watatu kwenye bustani moja ya michezo hapa Nairobi, zile zenye gurudumu kubwa, magari ya kugongana na treni ya watoto. Tulikuwa tumeweka pesa kidogo kidogo tangu Septemba. Usiku wa kuamkia siku hiyo hakuna aliyelala. Kitinda mimba wetu alikuwa amefikisha miaka mitatu mwezi wa Agosti, na tangu siku hiyo hakuna mgeni aliyeingia kwetu bila kuonyeshwa vidole vitatu. Hata mchungaji alipotutembelea alionyeshwa kabla hajapewa kiti.

Tulipofika langoni nikasoma ubao wa bei. Mtu mzima shilingi 600, mtoto shilingi 300, walio chini ya miaka mitatu bure. Nikapiga hesabu haraka: nauli ya kurudi, soda, na kila mchezo ndani una tiketi yake. Hiyo 300 ndiyo chipsi za watoto wote. Nikainama nikamnong'onezea yule mdogo, "Ukiulizwa, wewe una miaka miwili. Sawa?" Akaniangalia. Halafu akatoa vidole vyake vitatu, akavitazama, na kwa mkono ule mwingine akakikunja kimoja.

Dada wa tiketi akauliza, "Mzee, huyu mdogo ana miaka mingapi?"

Nikajibu bila kupepesa macho, "Miwili." Mtoto akainua vidole viwili. Dada akatabasamu, tukaingia.

Wapendwa, mimi ni mmoja wa wale wanaopitisha kikapu cha sadaka hapa kanisani. Natamani niseme kwamba moyo ulinichoma. Haukunichoma. Nilijipongeza.

Tukazunguka, tukafurahi. Halafu tukafika kwenye kile kigari kinachopanda juu ya reli na kuteremka kwa kasi, pale hata watu wazima hupiga mayowe. Mtoto wetu wa kati, wa miaka saba, alikuwa amekuja kwa ajili ya hicho tu. Kando yake kulikuwa na ubao umechorwa twiga, na mstari mwekundu shingoni: sentimita 120. Kijana wa zamu akamsimamisha hapo. Alikuwa amepungukiwa kidogo sana, upana wa vidole vitatu hivi. Akajaribu kusimama kwa ncha za vidole vya miguu, akaambiwa ashushe visigino. Ndipo akanigeukia.

"Baba, mwambie. Mwambie nimefika."

"Hujafika, mwanangu."

Akaniuliza, wala si kwa jeuri, ila kama mtoto anayeuliza hesabu asiyoielewa: "Lakini kule langoni si ulisema?"

Sikuwa na jibu.

Nilitaka kumweleza kwamba ule mstari haukuwekwa kumnyima raha. Kile chuma kinachoshuka kumshikilia abiria kimetengenezwa kwa mwili wa kimo fulani. Kama mtoto ni mfupi, nafasi inabaki kati ya chuma na mwili, na kigari kinapoteremka kwa ghafla mwili hunyanyuka kutoka kitini. Mstari wa twiga ni uhai wake. Lakini ningeanzia wapi? Mimi mtu mzima naona tofauti: nambari ya langoni inalinda pesa za mwenye bustani, nambari ya twiga inamlinda mtoto. Yeye aliona jambo moja tu, kwamba Baba hubadilisha nambari akitaka. Kwa nini basi nisiibadilishe kwa faida yake?

Sasa wacha tuulizane kama ndugu. Kosa langu lilikuwa nini hasa? Maana najua kuna wanaosoma hapa na kusema, "Si ni mia tatu tu?"

Mwingine atasema, mwenye bustani ni tajiri, hata hatahisi. Labda ni kweli. Lakini mimi sikumdanganya tajiri. Huyo sijawahi kumwona. Nilimdanganya msichana aliyesimama juani tangu asubuhi, aliyeniuliza kwa heshima na kuniamini. Paulo anapowaambia Waefeso wavue uongo na waseme kweli na majirani zao, jirani yangu siku hiyo alikuwa yule dada. Mara nyingi tunasema tumekwepa "kampuni" au "serikali," kumbe tumemtazama mtu usoni tukamdanganya.

Mwingine, msomi wa Neno, atauliza: je, Rahabu? Je, wale wakunga Waebrania waliomdanganya Farao? Swali zuri, na halikuanza leo. Agostino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, aliandika kitabu kizima kuhusu uongo karibu mwaka 395. Alikiri kwamba uongo wote hauna uzito mmoja, lakini hata hivyo hakuupa hata mmoja ruhusa. Tunaweza kubishana naye kuhusu Rahabu hadi jioni. Ila tazama tofauti. Rahabu alihatarisha shingo yake kuokoa uhai wa wengine. Wakunga vivyo hivyo. Mimi nilikuwa naokoa chipsi. Tusiwaite watu wale waje kututetea kwenye foleni ya tiketi.

Kuna sauti ya tatu, na hiyo siwezi kuijibu kwa haraka. Ni ya mama aliye na watoto wanne na kazi ya kibarua, anayesema, "Mzee, wewe ulikuwa na 300. Mimi sina. Nisipopunguza miaka ya watoto hawataona gurudumu hilo maishani mwao. Mungu atanikasirikia kwa kuwapenda?" Mama, sitakurushia jiwe. Umaskini hufanya ukweli uwe na bei, na bei hiyo wengine hawailipi. Lakini kuna kitu unaweza kufanya ambacho mimi sikukifikiria hata dakika moja: kuomba. Kusema wazi, "Dada, huyu ana mitatu, nami nimepungukiwa. Kuna njia yoyote?" Pengine utaambiwa hapana, na aibu ipo. Lakini mtoto anayemwona mama yake akiomba kwa ukweli hajapoteza kitu. Na hata mkirudi mkacheze mpira wa makaratasi uwanjani kwa kanisa, mtarudi na mama yule yule aliyetoka naye nyumbani.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Kosa lile lilizidi 300. Nilikuwa nimeazima mdomo wa mtoto. Uongo wangu ulihitaji msaidizi, nikamchukua mdogo kuliko wote, asiyejua anachofanyiwa, nikamwambia akunje kidole. Nilichukua kitu alichojivunia, miaka yake mitatu, nikakifanya kiwe kitu cha kuficha.

Fungua Mwanzo. Ibrahimu, baba wa imani, alifika Misri akaogopa, akasema Sara ni dada yake. Sura ya 20 akafika Gerari, akasema hivyo hivyo kwa Abimeleki. Wakati huo Isaka hajazaliwa. Anazaliwa sura ya 21. Lakini nenda sura ya 26. Isaka sasa ni mtu mzima, ana mke, yuko Gerari ile ile, anaulizwa kuhusu Rebeka. Anajibu nini? Ni dada yangu. Neno kwa neno! Na angalia kilichopotea njiani. Uongo wa Ibrahimu ulikuwa na nusu ya ukweli ndani yake, kwa sababu Sara alikuwa binti wa baba yake. Uongo wa Isaka haukuwa na hata hiyo nusu. Baba alikata kona, mwana akaacha barabara kabisa.

Haukuishia hapo. Yakobo, mwana wa Isaka, akamwendea baba yake aliyekuwa haoni, amejifunga ngozi za wana-mbuzi, akasema yeye ni Esau. Na wana wa Yakobo wakachovya kanzu ya Yusufu katika damu ya mbuzi, wakampelekea baba yao aitambue. Vizazi vinne. Yakobo alilia kwa ajili ya mbuzi wa aina ile ile aliyomtumia. Sisi tunapoombea laana za ukoo zivunjwe, tunawaza mizimu na madhabahu za mababu. Ni mara ngapi tumeombea kile tulichonong'ona langoni?

Kuna jambo moja kuhusu bustani hizi linalonifikirisha. Inasimuliwa kwamba Walt Disney alipata wazo lake akiwa ameketi kwenye benchi huko Los Angeles, akiwatazama binti zake wakizunguka juu ya farasi wa mbao. Aliona watoto wanacheza na wazazi wanakaa tu, akatamani mahali ambapo mzazi na mtoto watafurahi pamoja. Disneyland ikafunguliwa Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955. Na unajua kilichotokea siku hiyo ya kwanza? Maelfu waliingia na tiketi bandia. Mpaka leo pale walio chini ya miaka mitatu huingia bure, na sidhani mimi ndiye baba wa kwanza duniani kupunguza miaka. Lakini wazo lile la benchi linanihukumu. Mahali pametengenezwa ili mzazi na mtoto wafanye kitu pamoja, na kitu cha kwanza mimi na mwanangu tulichofanya pamoja pale kilikuwa ni kudanganya.

Basi nilifanya nini? Nilimshika mkono yule wa kati, tukarudi langoni. Njiani nilitamani foleni iwe ndefu nipate sababu ya kugeuka. Haikuwa ndefu.

"Dada, yule mdogo wangu nilikuambia ana miaka miwili. Nilidanganya. Ana mitatu."

Aliniangalia kama mtu anayejaribu kumtapeli. "Mzee, si ushaingia? Mbona unanisumbua?" Akamwita mkubwa wake. Mkubwa akauliza mara mbili ninataka nini. Mwishowe wakachukua 300 wakanipa tiketi. Hakuna aliyepiga makofi.

Chipsi hazikununuliwa. Tulikula maandazi aliyobeba mama watoto, huku kitinda mimba akililia za jirani. Kifungua mimba wetu, wa miaka kumi na mmoja, alijua kilichofanyika na hakuniongelesha mpaka tukashuka stejini. Wala jioni hiyo hakuna aliyenitumia pesa kwa M-Pesa bila kutarajia. Nasema hivi kwa sababu tumezoea ushuhuda unaoisha kwa kurudishiwa mara mia. Wangu uliisha nikiwa na upungufu wa shilingi 300. Nilichopata ni kwamba yule wa kati, tulipopita tena kwa twiga, alisimama pale mwenyewe, visigino chini, akaangalia mstari, akasema, "Mwaka ujao." Zakayo naye alikuwa mfupi, na Yesu hakumwongezea hata sentimita moja. Alichoweza Zakayo ni kurudisha, na wokovu ukafika nyumbani mwake, si kwake peke yake.

Yule mdogo alikuwa amelala begani kwa mama yake niliporudi langoni. Hakuona chochote. Kwa zaidi ya wiki moja, mgeni akimuuliza ana miaka mingapi, alikuwa ananiangalia mimi kwanza, halafu anatoa vidole viwili. Ilibidi nikae naye chini kwenye mkeka na kumwambia, "Baba alikosea. Wewe una mitatu." Nikamnyooshea kile kidole kwa mkono wangu. Akakikunja. Nikamnyooshea tena.

Mpendwa, enda uwatoe watoto. Wacha wapige kelele, wachafuke, walale ndani ya matatu. Lakini usiku wa kabla ya kwenda, pigeni hesabu kwa miaka yao ya kweli. Kama pesa inatosha, asante Yesu. Kama haitoshi, waambie haitoshi. Mtoto anaweza kubeba habari kwamba Baba hana pesa. Usimbebeshe kidole cha kukunja.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni uongo gani "mdogo" ambao watoto wetu hutusaidia kuusema, kwa mfano mlangoni, kwa simu, au mwenye nyumba anapokuja?
2. Mzazi asiye na pesa atawezaje kutunza ukweli bila kuwanyima watoto furaha? Kanisa linaweza kumsaidia vipi?
3. Je, umewahi kumwambia mtoto wako, "Nilikosea"? Alifanya nini?

Tuombe: Bwana, tusamehe kwa yale tuliyowafundisha watoto wetu bila kukusudia. Tupe ujasiri wa kurudi langoni. Amina.