Bastola Mpya na Amana ya Roho

 

Katika darasa zetu za baada ya Isha limeletwa zaidi ya mara moja swali ambalo twaliona lafaa kujibiwa kwa maandishi, ili lisomwe hapa Waa, na Ng'ombeni na Tiwi, na kila mahali jarida hili lifikapo. Swali lenyewe ni hili: mtu mwenye mali na watoto, ambaye wevi wamekwisha kuvunja nyumba ya jirani yake, ameomba idhini ya Serikali naye ataka kununua bastola mpya ya kuilindia nyumba. Je, bastola hiyo yategemeka? Wengi waulizao hukusudia chuma peke yake: haitakwama? Haitagoma usiku wa haja? Sisi twasema kuwa swali ni jema, lakini limekatwa fupi. Kinachotegemewa hapa si kitu kimoja bali ni vitatu: chuma, na mkono wa mwenye chuma, na kumjua kwake yule aliye mbele ya mtutu. Kimoja kikiharibika, viwili vilivyobaki havifai kitu, na huenda vikazidisha msiba.

Kabla ya yote hatuna budi kusema wazi, asije mtu akatudhania kuwa twawafundisha Waislamu unyonge. Dini yetu haikumwamuru mtu kukaa kitako akitazama mlango wake ukivunjwa. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba auawaye akiitetea mali yake ni shahidi, na katika mapokezi mengine ametajwa pia mwenye kuitetea dini yake, na damu yake, na ahali zake. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wameyawekea mambo haya mlango wake, na Imamu Nawawi ameutia katika Minhaj. Lakini mlango huo una kizingiti ambacho wengi wetu hukiruka: mshambulizi hurudishwa kwa jambo jepesi kabla ya zito, maadamu nafasi ya kufanya hivyo ipo. Akiondoka kwa neno, si halali kumpiga. Akiondoka kwa mkono, si halali kumtia fimbo. Akigeuka akakimbia, si halali kumfuata na kumwua. Basi kujihami ni haki iliyopimwa kwa mizani; si ruhusa ya kuua.

Sasa tukiangalie chuma. Bastola ya kisasa hujiendesha kwa nguvu ya risasi yenyewe. Risasi ikilia, sehemu ya juu hurudi nyuma, hulitupa nje ganda tupu, kisha springi huirudisha mbele ikiwa imechukua risasi ya pili. Katika safari hiyo ndogo kila kitu chaweza kuharibika: springi iliyo ngumu kwa upya wake, risasi mbovu, uchafu, au mafuta yaliyokauka. Kwa hivyo mafundi wa silaha hawaiamini bastola kwa sababu tu ni mpya na yang'ara. Husema ipigwe risasi mia, na wengine husema mia mbili, za aina ileile itakayowekwa nyumbani, ndipo itegemewe. Nasi wa pwani tuna adui mwingine, nayo ni hewa ya bahari. Chumvi inayoila misumari ya mapaa yetu na bawaba za milango yetu haitaihurumia bastola iliyolazwa kabatini mwaka mzima bila ya kufunguliwa wala kupanguswa.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Silaha za Moto ya Kenya, Sura ya 114, haimruhusu mtu kuwa na silaha ila kwa cheti, na cheti hicho hutaja hata kiasi cha risasi ambacho mwenyewe aweza kununua na kuweka. Mwishoni mwa 2018 Serikali iliwaamuru raia wote wenye silaha wakaguliwe upya. Basi ndugu yetu ajiulize: ataijaribu wapi bastola yake, na kwa risasi ngapi? Asipoijaribu, hana ajualo juu yake ila maneno ya muuzaji.

Jambo la pili ni mkono. Wajuzi wa silaha hizi hueleza kwamba bastola ijiendeshayo huhitaji kushikwa imara. Mkono ukilegea, ile sehemu ya juu hairudi sawasawa, na risasi ya pili hukwama. Yaani mkono ni kiungo kimoja katika mtambo wenyewe. Sasa mfikirieni mtu aliyeamka saa nane za usiku, moyo wamdunda, macho hayajazoea giza, mke ampigia kelele na watoto walia. Huyo ndiye fundi wa mtambo usiku huo. Na nyumba zetu nyingi zina kuta za udongo na fito, ambazo risasi huzipita kama yapitavyo maji katika chujio. Atakayeikosa shabaha sebuleni amepiga chumba cha wanawe, au nyumba ya jirani.

Jambo la tatu ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni kumjua aliye mbele yako. Tarehe 14 Februari 2013, mjini Pretoria, Afrika Kusini, mwanariadha Oscar Pistorius alipiga risasi nne kupitia mlango wa choo uliofungwa. Alisema alidhani mwivi ameingia. Ndani yake alikuwa Reeva Steenkamp, mpenzi wake, naye akafa. Ndugu zetu, iangalieni hadithi hii kwa makini: bastola ile haikukwama. Risasi zote nne zilitoka. Kwa kipimo cha muulizaji wetu silaha ile ilitegemeka kabisa. Kilichovunjika ni kile kitu cha tatu. Na mwaka 2015 Mahakama ya Rufani ya nchi hiyo ilimtia hatiani kwa kuua kwa kusudi, ikaona kwamba kosa lake halibadiliki kwa kuwa hakujua ni nani aliye nyuma ya mlango. Kwani aliyepiga alijua kwamba mna mtu, na kwamba mtu huyo aweza kufa.

Hukumu hiyo si ngeni kwa Mwislamu. Katika Suratul Hujurat tumekatazwa dhana nyingi, kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi. Na katika Suratun Nisaa, mwenye kumwua muumini kwa kukosea amewajibishwa diya kwa jamaa za maiti, na kafara ya kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge miezi miwili mfululizo. Kukosea hakukumfanya kuwa mwuaji wa kusudi, lakini pia hakukumtoa mikono mitupu. Tena Mtume s.a.w. amekataza mtu kumwelekezea nduguye silaha, kwani hajui pengine Shetani atauvuta mkono wake. Ikiwa hilo lilisemwa katika zama za upanga na mkuki, ambapo mkono huchukua muda kufika, itakuwaje kwa chuma ambacho kidole kimoja chatosha?

Atasema msemaji: mbona wako waliookoa watu kwa bastola? Kweli wako, na hatutaificha hoja yake. Tarehe 21 Septemba 2013, Westgate, Nairobi, iliposhambuliwa, Abdul Haji, Mwislamu mwenzetu aliyekuwa na bastola ya cheti, aliingia pamoja na raia wengine na askari wachache, nao wakawatoa watu wengi katika mauti. Twamwombea malipo mema. Lakini walioingia na silaha zao siku ile waliwaona wauaji mchana kweupe, wala hawakuwa wakibahatisha kivuli. Na siku hiyohiyo, pahali papo hapo, wanajeshi na polisi walikosana kwa kutojuana, na mkuu mmoja wa kikosi cha polisi akauawa kwa risasi za wenziwe. Ikiwa waliofunzwa hukosana hivyo, aliyeamka usingizini ana haja kubwa zaidi ya hadhari.

Nasi watu wa kusini mwa pwani tuna somo letu wenyewe. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari wakauawa, na bunduki za Serikali zikachukuliwa. Fitina ikaenea, watu zaidi ya mia wakafa, na maelfu kwa maelfu wakahama makwao. Bunduki zile zilikuwa nyuma ya ukuta, chini ya ulinzi wa watu waliosomea kazi hiyo. Asubuhi yake zikawatumikia waliozipora kama zilivyowatumikia wenyewe jana yake. Chuma hakina uaminifu kwa bwana wake. Humtii kila amshikaye. Mwenye kutangaza kuwa ana bastola nyumbani huenda amewaambia wevi kitu wakifuate.

Katika fitina hiyo vijana walilishwa viapo na kupewa dawa waliyoambiwa itawakinga na risasi, nasi sote twajua kama iliwakinga. Siku zote twawakataza watu kuzika mazindiko milangoni. Basi hatuna budi kusema na hili: bastola isiyojaribiwa, ambayo mwenyewe hajui kuitumia wala kuitunza, lakini huilaza chini ya mto ili moyo wake utulie, ni hirizi ya chuma. Tofauti yake na hirizi ya ngozi ni kuwa hii mtoto akiichezea humwua.

Basi la kufanya ni lipi? Mtume s.a.w. alimwamrisha yule Bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ategemee. Kufunga ngamia kwetu ni komeo madhubuti, na taa nje, na miti iliyokatwa matawi karibu na dirisha, na jirani ajulikanaye kwa sauti. Tena tumefundishwa adabu ya kubisha hodi ambayo tumeipuuza: kusalimu, kuomba idhini mara tatu, na kurudi usipoitikiwa. Sahaba Jabir alipobisha akaulizwa ni nani, akajibu kuwa ni yeye, na Mtume s.a.w. akachukia jawabu lile. Mtu ajitaje kwa jina. Mji ambao kila abishaye hujitaja, na kila aliye ndani huuliza kabla ya kunyanyua mkono, umekwisha kujengewa boma. Kijana wetu arudiye usiku aijue sheria hiyo, na baba yake pia.

Wala tusijidanganye kuwa ukelele wa majirani nao ni salama daima. Mara ngapi mwivi, au asiye mwivi, amepigwa mawe na kundi hata akafa, na kila mmoja akaenda zake akisema si yeye? Kizingiti tulichokitaja kinawahusu mia kama kinavyomhusu mmoja. Mwivi aliyekwisha kushikwa ni mateka. Hupelekwa kituoni, hauawi.

Na ambaye baada ya haya yote bado aona haja ya silaha, na sheria imemruhusu, hatumharamishii. Twamwambia: ijaribu kabla ya kuitegemea, jifunze mpaka mkono wako ujue, ifungie mbali na watoto, na kabla ya kufyatua uliza ni nani, ungoje jawabu. Mali ikienda, Mwenye kuruzuku yupo. Roho ikitoka kwa mkono wako hairudi, nawe utaulizwa juu yake siku ambayo hakuna atakayekupokea mzigo.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, na kwake yeye ndiko kutakwa taufiki.